Amplifaya Mbili na Kisogo cha Fundi

Ukimuuliza fundi redio huyu kuhusu amplifaya za gitaa zinazotumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama taa ndogo, atakwambia za zamani ndizo amplifaya. Za sasa ni makabati. Amelisema hilo miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumtaka athibitishe.

Mpaka kaka wa mkewe, mpiga gitaa wa bendi, alipoingia na amplifaya mpya begani. Ilikuwa ndugu wa ile kuukuu iliyokuwa hapo sakafuni, ambayo fundi ameitengeneza tangu bendi ianze: jina lile lile, sura ile ile, ila imetoka kiwandani juzi.

"Ile ya zamani naiuza, shemeji. Mnunuzi anakuja kesho."

"Unauza ng'ombe wa maziwa ubaki na picha yake?"

"Haya, geukia ukutani. Ukiitambua ya zamani kwa sikio, siiuzi. Ukikosea, usinisumbue tena."

Mkewe, ambaye cherehani yake iko chumba hichohicho, alisimamisha mguu ashuhudie.

Shemeji akapiga kipande kimoja kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Fundi hakuchelewa. "Ya pili ndiyo ya zamani. Sikia ilivyojaa."

Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Ya pili ilikuwa mpya.

Fundi akahisi masikio yanawaka moto.

"Mbona ya pili ilipiga kwa nguvu zaidi?" mkewe akauliza. "Pini zangu zilikuwa zinacheza mezani."

"Vitufe vya sauti vyote nimeweka tano, dada."

"Tano ya nani? Gauni saizi kumi na mbili la duka moja siyo la duka la pili."

Fundi akatoa mita ya kupimia sauti, akazisawazisha zote mbili, akijilaani kimoyomoyo. Sikio huvutwa na chenye kelele. Hilo alilijua tangu wiki yake ya kwanza ya ufundi. Akageukia tena ukuta.

Safari hii moja ilijibu papo hapo, safi, kila noti mahali pake. Nyingine, ikipigwa kwa nguvu, ilizama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ndipo ikainuka. Nyuma yake palikuwa na mngurumo mdogo.

"Hii inayopumua."

"Umepata," shemeji akanung'unika. "Basi siiuzi."

Fundi hakugeuka. "Ukumbini, na ngoma na tarumbeta, ipi inasikika?"

"Mpya."

"Ya zamani imekuzimikia mara ngapi mwaka huu?"

"Tatu. Ya mwisho katikati ya wimbo."

Fundi akakuna kisogo. "Mnunuzi ni nani?"

"Mwalimu wa muziki. Anarekodi peke yake chumbani."

"Uza."

"Lakini umeshinda, shemeji."

"Nimeshinda kuitambua. Uza."

Akaifungua ile kuukuu, akaifuta vumbi, na ndani ya kifuniko akaandika kwa penseli valvu ipi hubadilishwa kwanza na waya upi usiguswe. Chini akaweka namba yake ya simu.

"Ya nini hiyo?" mkewe akauliza.

"Ikimsumbua, anipigie."

"Isipomsumbua?"

"Anipigie pia."