Orodha ya Meza Kuu

Jumamosi tulimfanyia kaka sherehe ya kuhitimu digrii ya kwanza. Ni mtoto wa baba mkubwa, ninayeishi kwake hapa Mbeya. Turubai lilifungwa uani, mchele ukaletwa kutoka Madibira, na mimi nikapewa kazi ya kuandika orodha ya utambulisho, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sipendi kuongea.

Shangazi alifika asubuhi kutoka Iringa. Anafundisha chuo kikuu, na mwaka jana alipata udaktari wa falsafa, peke yake katika ukoo mzima. Hakufanyiwa sherehe. Baba mkubwa alisema tungoje harusi yake, tuziunganishe. Hata begi hajalitua vizuri, wakampa kanga na kisu, akakaa kwenye vitunguu.

Niliandika "Dkt." nikafuatisha jina lake. Baba mkubwa alikuwa nyuma yangu anasoma. Akachukua kalamu, akakata.

"Hapa siyo chuoni, binti yangu. Andika shangazi wa mhitimu. Leo ni siku ya kijana."

"Lakini baba mkubwa..."

"Lakini nini?"

Nikanyoosha mkono kuomba kalamu. Akaniambia ninakili upya, tusimpe emsii karatasi chafu.

Nilikaa na karatasi mpya muda mrefu. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi. Baba mkubwa alikuwa ameshaenda kupanga viti, asingeisoma tena. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Niliandika shangazi wa mhitimu.

Meza kuu walikaa mchungaji na mwalimu aliyemfundisha kaka darasa la pili. Emsii alipofika kwenye jina la shangazi, shangazi alijitokeza mlangoni mwa jiko, akapunga mwiko, akapigiwa vigelegele, akarudi ndani.

Jioni, tukiosha masufuria, nikamwambia shangazi kila kitu. Akacheka.

"Mbona hata chuoni wananiita madam. Jirani yangu wa ofisi, mwanamume, wanamwita daktari, na tasnifu yake bado hajamaliza."

Hapo ndipo nilipovurugika zaidi. Mimi nataka kusoma fizikia mpaka mwisho, kama yeye. Nilidhani ukifika kule juu haya yanakwisha.

Baba mkubwa akachungulia jikoni. "Mwambie shangazi yako alete chai ya wageni."

"Daktari anasuuza vyombo," nilisema. "Chai naleta mimi."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Aliniangalia kama ananiona mara ya kwanza.

"Haya. Na wewe umeanza." Akaondoka.

Nilitegemea shangazi afurahi. Alikung'uta maji mikononi, akaniambia taratibu, "Usinipiganie kwa kaka yangu. Mimi kesho asubuhi nipo stendi. Wewe unabaki naye, na fomu yako hajasaini."

Ni fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Nimejaza fizikia, kemia na hisabati, na shuleni hawaipokei bila saini ya mlezi. Mwisho ni Ijumaa.

Leo Jumanne. Hajanisemesha tangu Jumamosi, zaidi ya salamu. Fomu iko juu ya kabati lake, palepale nilipoiweka, haina saini. Asubuhi nimepita mara tatu, nikijifanya natafuta kiberiti.