Mguu Yenye Inasimama

Leo hapa mtaani kwetu Kyebando nimedaka penalti bila kuingia uwanjani!

Golikipa wetu ni Akello, binti ya jirani. Kabla wapige, nikamwita pembeni.

"Wewe, wacha kuangalia mpira. Angalia ile mguu ya mpigaji yenye inasimama kando ya mpira. Vidole vikiangalia kushoto kwako, mpira unakuja kushoto. Kiuno pia inafunguka huko. Mtu anaweza kudanganya na macho, lakini kiuno haidanganyi."

Akello akaruka. Akadaka!

Watu wakanibeba juu. (Sawa, walibeba Akello. Mimi walinipa kiti.)

Akanifuata pale na mpira mkononi. "Mzee, wewe zamani ulikuwa unadaka zote?"

"Zote! Hata mbu ilikuwa haipiti."

"Hata za wanajeshi, wakati ule wa serikali ya jeshi?"



Kuna kapteni mmoja alinipigia penalti, askari wake wamesimama nyuma ya goli na bunduki. Mguu yake ikaniambia kushoto. Niliona wazi kabisa.

Nikaruka kulia.

Nyinyi mungeruka wapi?