Mkalimani Aliyemuuliza Mama Kwake ni Wapi

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake katika nyumba yao ya Newala. Baadaye dada yake wa Tandahimba akashikwa na kiharusi, mama akaenda kumuuguza. Aliporudi, msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, na baba mdogo alikwishahamia ndani.

"Shemeji, wewe sasa ni mtu wa Tandahimba," alimwambia mlangoni. "Nyumba haiwezi kukaa bila mwenyewe."

Shauri lilipanda hadi bomani, kwa Bwana Shauri, afisa Mwingereza aliyeamua kesi za wilaya. Mimi nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya misheni Masasi. Niliomba ruhusa nikapanda Newala kumsindikiza mama.

Mama aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga yake nyeusi ya ujane begani. Bwana Shauri akataka kujua jambo moja tu: *residence* ya mama huyu iko wapi? Neno hilo nililijua. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba maana yake ni mahali mtu anapokaa, basi.

Mkalimani, mzee wa Kimakua kutoka Lukuledi, akauliza, "Mama, unakaa wapi?"

"Si nimekaa hapa mbele yenu?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Shauri akakunja uso, alidhani anachezewa. Mkalimani akauliza tena, na safari hii mama akajibu kwa unyofu wake wote, "Mwaka huu nilikaa Tandahimba."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilitamani kupaza sauti, lakini sikuwa na ruhusa ya kusema pale.

Mkalimani hakulitafsiri jibu lile. Aligeuka, akamwambia Bwana Shauri kwa Kiingereza cha taratibu, "Bwana, kosa ni langu. Kwetu kukaa ni hata kuketi kwenye kiti cha jirani. Neno lako ni zito kuliko hilo. Naomba niulize upya."

Akaruhusiwa. Mzee yule, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mama.

"Mama, kwako ni wapi?"

Mama akanyanyua uso. "Kwangu? Kwangu ni hapa Newala. Nyumba ile niliikandika kwa mikono hii. Kondo za uzazi wa wanangu nimezifukia nyuma yake, na baba yao amelala pale kwenye mikorosho. Tandahimba nilikaa kwa sababu ya mgonjwa. Kwangu sikuhama."

Mkalimani akayafikisha yote bila kuacha hata mikorosho. Bwana Shauri akasema nyumba ni ya mama.

Nje nilimfuata yule mzee. "Shikamoo baba. Ahsante."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama anisamehe kwa swali la kwanza."

Niliporudi Masasi nililifundisha neno lile upya. Niliwaambia watoto wanieleze kwao ni wapi, na somo likachukua asubuhi nzima.

Baba mdogo alihama, akanuna mpaka mvua za kwanza. Siku moja akaja na jembe lake, akabisha hodi, akamsaidia mama kupalilia. Mama akampikia ming'oko, vile viazi vya porini, wakala pamoja barazani.