Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Mke wangu alinipa maagizo yasiyo na kona: nikifika Kalamba nikodishe Probox, mamake akae nyuma, mimi nikae mbele na dereva. Yeye alikuwa ametangulia hospitalini mjini Wote tangu alfajiri kumshikia mamake nafasi kwenye foleni. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kutoka Nairobi, wanapasua bila malipo, na saa sita mchana wangeacha kupokea watu. Hakuna aliyejua wangerudi lini. Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alikuwa ameshafika mahali pa kumimina chai nje ya kikombe na kumsalimia mbuzi akidhani ni mjukuu.

Sikukodisha Probox. Nilikwenda na gari langu.

Ni gari la michezo la Kiingereza, la zamani, jekundu, la viti viwili, nalo liko chini kiasi kwamba ukikutana na punda barabarani unaanza kuona kwato. Nililinunua likiwa limegeuzwa kiota cha kuku, nikalifufua kipande kwa kipande. Ugonjwa mmoja tu sikuutibu, nao ulikuwa pampu ya petroli. Pampu hiyo ni ya umeme na imefungwa huko nyuma, karibu na gurudumu la kulia, ikivuta petroli kutoka kwenye tangi na kuisukuma mpaka kwenye injini. Ukizungusha ufunguo unaisikia, tik tik tik. Usipoisikia unashuka, unapenyeza mkono nyuma ya gurudumu, unaigonga kwa spana, nayo inaamka. Pampu mpya nilikuwa nayo kwenye buti, ndani ya boksi lake. Kila Jumamosi nilisema nitaifunga, na kila Jumamosi nikapiga gari nta badala yake.

Kwa nini nilikwenda na gari hilo? Nilitaka wakwe wanione. Sababu nyingine sina, na nimeitafuta.

Kwa asiyetujua, lazima nieleze nthoni. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Hakuna chuki hapo, ni heshima. Nilikulia Tseikuru, na nilimwona baba yangu, mtu aliyeogopwa na soko zima la ng'ombe, akiruka kwenye miiba ili mama mkwe wake apite njiani. Siku hizi vijana wanakumbatiana na mama wakwe zao harusini na kupigwa picha. Mama mkwe wangu si wa siku hizi. Tangu nimwoe bintiye hakuwahi kuniangalia usoni, nami sikuwahi kumgusa hata kidole.

Alitoka nyumbani amevaa gauni la kanisani, na juu yake amejifunga leso. Akalifikia gari, akaweka mkono kwenye bati, akaanza kupapasa kuelekea nyuma. Alipapasa mpaka kwenye taa ya nyuma. Akarudi. Akapapasa tena.

"Mlango ya nyuma iko wapi?" aliuliza, akiuliza hewa.

Nilikuwa nimelijua gari hilo mpaka boliti ya mwisho, na haikuwa imenijia akilini kwamba halina mahali pa kumweka mama mkwe. Nikapiga simu kutafuta Probox, lakini ilikuwa siku ya soko na zote zilikuwa zimeelekea Emali. Mama alisikiliza simu zangu zote. Mwishowe akaingia, akajibana kwenye mlango, akanipa kisogo, na leso akaivuta mpaka kichwani. Viwiko vyetu vilitenganishwa na gia tu.

Njiani alizungumza na kioo cha mbele. "Kama kuna mtu anaendesha hii gari, aende pole pole. Mimi si mahindi." Nami nikaujibu usukani, "Sawa, Mama."

Hatukuwa tumefika hata nusu ya safari gari lilipokohoa, likakata, likasimama. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikashuka, nikaigonga pampu kama kawaida. Kimya. Nikaigonga kwa hasira, nikiitukana kimoyomoyo, maana kutukana kwa sauti kungesikika. Haikuamka tena.

Basi nikafanya kandokando ya barabara, ndani ya shati jeupe, kazi niliyoikimbia Jumamosi zote zile. Nilitoa waya wa betri, nikapandisha gari kwa jeki, nikasukuma mawe chini ya magurudumu, nikalitoa gurudumu la kulia na kulala mgongoni. Nilifungua waya za pampu, nikalegeza klipu za mipira ya petroli. Mpira unaotoka kwenye tangi unatakiwa kuzibwa mara tu unapoutoa, na nilikuwa nimeandaa boliti ya kuuziba. Boliti ikaniponyoka. Tangi lilikuwa limejaa, kwa sababu nililijaza Emali mbele za watu, na petroli iliyotoka kwanza ikanishukia kwenye mapaja.

Anayedhani petroli ni baridi tu hajawahi kumwagikiwa huko. Nilivumilia mpaka nikauziba mpira, kisha nikatoka chini ya gari nikirukaruka na kupiga mayowe.

"Mtu akimwagikiwa petroli avue," mama mkwe alikiambia kioo. "Ngozi itababuka."

"Mama, siwezi."

"Avue! Kwani mimi naona?"

Nikavua. Nikasimama nyuma ya gari na shati na chupi, nikajifariji kwamba kweli haoni, na nikajichukia kwa kufarijika na jambo hilo. Leso ikarushwa kupitia dirishani, ikaanguka vumbini. Nilijua ni ya nani na imefunika nini. Nikaiokota, nikajifunga, nikarudi chini ya gari kumalizia. Pampu mpya iliingia mahali pake kama iliyozaliwa hapo, na hilo lilinikera zaidi, maana ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu.

Nilisubiri petroli ikauke kabisa, nikarudisha gurudumu na waya wa betri, kisha nikamwomba Mama azungushe ufunguo. Vidole vyake vikautafuta, vikaupata. Tik tik tik.

"Inalia," akasema, kwa furaha kidogo.

Niliendesha kama mwizi. Suruali tuliiacha imening'inia kwenye mti wa miiba.

Kwenye lango la hospitali mlinzi alilizuia gari lisiingie. Toka hapo mpaka kwenye hema la madaktari wa macho uwanja ulikuwa umechimbwa mitaro ya mabomba, na kando ya mitaro wamejaa watu, nusu yao wa kanisa la Kalamba, pasta akiwemo. Nikampigia mke wangu.

"Nikitoka hapa napoteza nafasi," alisema. "Wanakaribia kufunga. Mlete!"

"Siwezi kutoka kwa gari."

"Kwa nini?"

Nikaitazama leso kiunoni, nikakata simu. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshafungua mlango na kutoa mguu mmoja nje, anapapasa nao ardhi. Mbele yake kulikuwa na mtaro unaofika magotini. Nilitazama ule mguu, nikatazama wale watu. Naona haya kusema nilitazama watu kwa muda mrefu kuliko mguu.

Nikashuka. Nikazunguka gari na ile leso kiunoni, nikamshika mkono. Ulikuwa mgumu, mkavu, na ulishtuka, kisha ukatulia. Akageuza uso upande mwingine, mimi nikageuza wangu, tukavuka uwanja kama watu waliogombana. Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa wazee, kikatufuata mpaka hemani. Pasta alijitia kukohoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke wangu alipotuona aliweka mkono mdomoni, akamchukua mamake, akaingia naye. Walikuwa wa mwisho kupokewa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kufunguliwa lile jicho moja lililopasuliwa. Nilikataa kwenda. Mke wangu alisema mamake ameuliza kama nitakuja, nikaenda, ndani ya suruali mbili nikidhani zitanisaidia. Muuguzi alikuwa akiwatoa wagonjwa bandeji mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akimuuliza mbele yako kuna nani. Alipofika kwa mama mkwe aliangaza huku na huku, akanivuta mkono wa shati, akanisimamisha pale.

Bandeji ikatoka. Nilimngoja ageuze uso kama siku zote. Hakugeuza. Alinitazama paji, akanitazama ndevu, akanitazama macho, polepole.

"Unaona nani, Mama?" muuguzi aliuliza.

"Ni mkwe wangu," alisema. "Lakini mkwe wangu alikuwa kijana. Huyu amezeeka lini?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, mke wangu pia. Nikainamisha uso, yeye akaendelea kunitazama.