Mama na Swichi Zangu

Mashoga zangu, leo nusura niiunguze nyumba!

Mnajua mama yangu yuko hapa Mjini toka juzi. Nyumbani kwao Makunduchi hawajavuta umeme. Wanawasha koroboi, na mafuta ya taa hawayachezei.

Basi kila akitoka chumbani, taa anazima. Hata mimi nikiwa bado ndani!

Jana nikamwambia, "Mama, huku si shamba. Niachie taa zangu."



Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi kanzu ya mume wangu, mwanangu kalala kando. Jirani yangu Bi Zuwena akaniita mlangoni. "Abee!" nikaiacha pasi juu ya kanzu, nikatoka, na mazungumzo yakanoga.

Kurudi, nasikia harufu ya kuungua. Nikakimbia.

Mwanangu bado kalala mkekani, hatua mbili tu kutoka kwenye pasi. Kanzu ina alama nyeusi.

Lakini swichi imezimwa.

"Nimezima mie," mama akasema. "Sikujua kama itaunguza. Nimeona umeme unapotea bure na mwenyewe hupo."

Nikamkumbatia huku nalia. Alhamdulillahi! Mama, zima yote utakayo, hata nikiwa ndani.

Haya, nambieni: mume wangu akirudi, nianze na habari ya kanzu, au ya mama?