Kadi Iliyotaka Mti

Nilishuka Mombo nikiwa sijalala vizuri tangu Kigoma. Treni ilikwama Tabora nusu ya siku, mabasi ya Morogoro yalijaa, na tulipoanza kupanda kona za Lushoto viatu nilikuwa nimevishika mkononi, miguu imevimba. Sikuwa na ndugu huko. Abiria mmoja tu wa behewa letu aliniambia kwamba juu kabisa, Shume, kuna kazi ya mbao. Kwa umri ule hilo lilitosha. Hata leo, nikiwa nimevuka arobaini na kuhama mara nyingi, nikinusa mbao mbichi za msindano nasimama.

Kazi niliipata, na mke nikampata kambini kwa wafanyakazi, naye mgeni kama mimi. Kisha kiwanda cha mbao kikauzwa. Redioni waliita ubinafsishaji. Sisi tulilielewa neno hilo asubuhi tulipokuta geti limefungwa na majina ya waliopunguzwa yamebandikwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Mama mmoja wa Kisambaa, mjane, alitukodisha kipande cha shamba bondeni pamoja na kibanda kilichokuwamo. Tulikubaliana kwa mdomo: kila mavuno nimpe fungu lake, na msimu nisiolima nimpishe mwingine. Masika yalikaribia, nami sikuwa na mbegu wala hela ya kununulia. Bila viazi ardhini, mke wangu angejifungulia njiani.

Zamani ushirika ulikopesha mbegu na mbolea. Ushirika ulikuwa umekufa, na mahali pake akaja mfanyabiashara kutoka Tanga, akafungua duka la pembejeo na kuanza kutoa kadi za mkopo, karatasi ngumu za kijani zenye muhuri wake. Mwenye kadi alichukua mali, akalipa baada ya kuvuna. Sijawahi kutamani kitu namna ile.

“Una nini shambani?” aliniuliza.

“Nataka kupanda viazi, bosi. Na kabichi.”

“Kabichi ina miguu, mgoshi. Leo iko hapa, keshokutwa iko Kariakoo, na wewe umekaa juu yake.” Wateja wakacheka. “Nionyeshe kitu kisichohama. Chai, kahawa, mti wa matunda. Hapo tutaongea.”

“Mimi si Msambaa hata niitwe mgoshi, bosi. Natoka Kigoma.”

“Ndiyo maana nataka mti.”

Jirani alinigawia miche ya peasi iliyobaki kitaluni mwake. Niliipanda ukingoni mwa shamba, nikaizungushia fito kama mtu mwenye mali. Mke wangu akauliza kama nimemwambia mama mwenye shamba.

“Atafurahi,” nikasema. “Tunampambia shamba lake.”

Wapangaji wengine bonde zima hawakuwa na mti hata mmoja. Nililiona hilo, nikadhani ni uvivu.

Mfanyabiashara alimtuma mtu wake, akaitazama miche, nikapewa kadi. Niliporudi na magunia ya mbegu mke wangu alicheka, mara ya kwanza tangu geti lifungwe. Mvua zikaja, viazi vikaota vizuri, vikaanza kutoa maua.

Ndipo mama mwenye shamba akaja na mwanawe mkubwa. Hakufika kibandani. Alisimama kwenye miche.

“Nani kapanda hii?”

“Ni mimi, mama.”

“Nilikupa shamba ulime, mwanangu. Sikukupa upande mti.”

Mwanawe ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia kupiga. “Huku kwetu apandaye mti anasema ardhi ni yake. Kiazi unang'oa, unaondoka. Mti unamkuta mjukuu wako, na mjukuu wako anatuambia, babu alipanda.”

Nilipiga magoti nikaing'oa yote kwa mikono, fito na miche. “Tazameni, haipo tena! Nilitaka kadi tu, mama. Kadi ya mbegu.”

“Na mwenye kadi ulimwambia shamba ni la nani?”

Nikaanza kuokota fito zilizotawanyika.

“Ungenijia na njaa ningekupa mahindi,” akasema. “Sasa nikikutazama namwona mtu anayesubiri nife.”

Wazee wa mtaa walikaa, wakanisikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyenitukana. Walisema tuondoke. Viazi vibaki kwa mama, naye alipe deni la duka vikikomaa. Mfanyabiashara akaichukua kadi yangu, akafuta jina langu, akaandika la mama palepale mbele yangu. Niliomba tungoje mtoto azaliwe. Mwana wa mama akasema mtoto akizaliwa pale, hilo nalo litakuwa dai lingine la ardhi.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu, mimi na godoro kichwani, mke wangu na sufuria na tumbo lake. Mama alikuwa ameshafika shambani, akivipandishia viazi udongo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” akajibu bila kuinua kichwa.

Nilingoja, nikidhani ataongeza neno. Jembe liliendelea. Mke wangu akanivuta shati, tukaanza kushuka, bila kujua tunashukia wapi.