Alinitoa Matembezi Kwenye Sherehe ya Mavuno, Kumbe Alikuwa na Lake

Msimamizi wa ukurasa, pokea salamu zangu, nanyi dada na kaka mnaosoma, wa hapa London na wa nyumbani. Sisi tunaendelea. Mume wangu mzima, kazini anakwenda. Kijana wetu mkubwa mzima, kifua kilimbana juzi lakini kimeachia. Binti yetu wa miaka tisa mzima kabisa, kelele zake nazisikia huku naandika. Mama mkwe kule Tanzania naye mzima, ni magoti tu. Mimi ndiye si mzima, ingawa siumwi. Naomba mnifiche jina, na mnisamehe mwandiko, shule yangu iliishia darasa la saba.

Nina miaka thelathini na minane, tunakaa Barking. Mimi nasafisha maofisi alfajiri, mume wangu anahudumia wazee usiku. Tunapishana mlangoni kama wapangaji. Tangu tuje nchi hii hatujawahi kutoka wawili tu, hata kwenda kunywa chai. Basi Oktoba hii akaniambia, "Mama Neema, Jumamosi jitengeneze. Kuna mji mdogo huko nje ya London wana sherehe ya mavuno, nataka nikutoe." (Neema ndiye huyo binti yetu, ila jina nimelibadilisha.) Jamani, nilifurahi! Nikasuka nywele, nikatoa lile koti la kanisani, watoto nikawaacha kwa jirani.

Tukapanda treni. Mji wenyewe mdogo, mzuri, majani mekundu yamejaa barabarani, watu wanapuliza matarumbeta, akina mama wa kizungu wanauza keki na jemu. Mume wangu akanishika mkono mbele za watu. Mimi nikasema moyoni, Mungu amenikumbuka.

Tukaingia ukumbi wa kanisa. Meza zimepangwa maboga, vitunguu, tufaa, karoti ndefu kama mkono wa mtu mzima. Machozi yakanilenga, maana kwetu sikukuu ya mavuno ni hivyo hivyo. Watu wanaleta ndizi, kuku, miwa, ibada ikiisha unapigwa mnada, na hela inabaki kanisani. Sasa pale akasimama mzee na kipaza sauti, akanyanyua boga kubwa kwa taabu, akawa anasema maneno mengi kwa haraka. Mimi nikajua ndiyo mnada umeanza. Nikainua mkono, nikapaza sauti, "Pauni tano!"

Ukumbi mzima ukacheka. Kumbe yalikuwa mashindano, mzee anatangaza boga lililoshinda. Hawakunicheka vibaya, mama mmoja hata akanipigia makofi, na mzee mwenye boga akaja kunishika mkono, akasema hajawahi kupata mteja kabla hata hajauza. Mimi nikacheka nao. Nageuka, mume wangu hayupo.

Nilimkuta nje, uso umemvimba. "Umenivua nguo, Mama Neema."

"Kwani nimeiba?"

"Miaka yote hii Ulaya, huo ushamba utakuisha lini? Unapiga kelele kama uko sokoni!"

"Si niko kanisani? Kwetu kanisani si wanapiga mnada?"

"Kwetu, kwetu! Hapa ni kwetu?"

Nikayaacha, nisiharibu siku. Akaninunulia chai na keki, akanikalisha kwenye benchi, akawa mpole ghafla. Hapo nikashtuka. Mama yake aliwahi kunisimulia kwamba siku baba mkwe alipotaka kumwambia ameoa mke wa pili, alimpeleka mnadani, akamnunulia kitenge, ndipo akasema, kusudi asiweze kupiga yowe mbele za watu. Akaniambia, "Mwanangu, wanaume wa ukoo huu wakikutoa matembezi, uliza kwanza wamebeba neno gani." Nilidhani ananichekesha.

Nikamwuliza, "Sema. Umenileta hapa kuniambia nini?"

Akatazama chini. "Neema anakwenda kwa dada yangu Arusha Desemba. Atasoma huko. Nimeshaongea na dada, shule imepatikana."

"Atarudi lini?"

"Akishakuwa mtu."

"Sasa hivi ni nini, mbuzi?"

"Unamsikia mwenyewe. Bibi yake anapiga simu, yeye anamjibu Kiingereza. Juzi nimemwambia azime televisheni, kanambia nisimfokee. Tukimwacha hapa tutampoteza. Aende ajifunze ya nyumbani."

Ndugu zangu, kikombe nilikiweka chini. Maana huyu ndiye aliyetoka kunitukana sasa hivi! Mimi nikifanya ya nyumbani ni mshamba, mtoto asipoyafanya amepotea. Nikamwambia hivyo hivyo. Akajibu, "Usiyachanganye." Nikataka kulia, lakini kila anayepita ananitabasamia, kumbe wamenijua kuwa ndimi yule mama aliyetaka kununua boga. Nikatabasamu nao mpaka mashavu yakauma.

Sisemi ni mtu mbaya. Anawapenda watoto, na hofu yake naielewa, tumewaona vijana wa wenzetu walivyoharibika. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, na naambiwa wa mwisho, baada ya wifi, baada ya mwalimu nisiyemjua. Wazee wa kanisa letu hapa wanasema nimtii mume. Rafiki yangu Mkenya anasema nizifiche pasi za kusafiria. Nikizificha, ndoa itavunjika, namjua alivyo. Nisipozificha, mtoto wangu atalia usiku Arusha, na mimi niko huku nasafisha meza za watu.

Linaloniua zaidi ni kwamba Neema ameambiwa anakwenda likizo. Jana amemwahidi rafiki yake kuwa Januari atamletea shanga. Ameniuliza ni rangi gani nzuri, nami nimemjibu bluu.

Nimwambie ukweli? Nimkatalie baba yake mbele ya wazee? Nifanye nini mimi? Nawaomba mnijibu upesi, Desemba si mbali, na msinijibu kwa kunionea haya.